Ekklesia Si "Walioitwa Watoke"

Neno la Kigiriki ekklesia maana yake ni mkutano: watu waliokusanyika mahali pamoja kwa shughuli fulani. Ndivyo lilivyotumika Athene karne tano kabla ya Kristo, ndivyo lilivyotumika katika Maandiko ya Kiyahudi yaliyotafsiriwa kwa Kigiriki, na ndivyo Wakristo wa kwanza walivyolipokea. Lakini anayesikiliza mahubiri au kusoma vitabu vya mafundisho ya imani mara nyingi hupewa maelezo mengine. Huambiwa kwamba ek ni "kutoka" na kaleo ni "kuita", na kwa hiyo ekklesia ni "walioitwa watoke", yaani watu waliotengwa na dunia na kuondolewa miongoni mwa wenzao. Maelezo hayo yamerudiwa mimbarini hata yamekuwa kama sehemu ya imani yenyewe, na anayeyahoji huonekana anapinga utakatifu. Hata hivyo si sahihi. Katika Agano Jipya lote hakuna aya hata moja inayohitaji maana hiyo ili ieleweke, na zipo aya ambazo maana hiyo huziharibu kabisa.

Kosa linaanzia kwenye njia. Maana ya neno haipatikani kwa kulivunja vipande na kuvijumlisha. Hupatikana kwa kuangalia wenye lugha walilitumiaje. Kiswahili chenyewe kinalo neno baraza. Baraza ni ile sehemu ya kukalia mbele ya nyumba za pwani, ambapo wageni hupokewa na wazee huzungumza jioni. Anayesikia leo habari za Baraza la Mawaziri hadhani kwamba mawaziri wamekaa nje ya nyumba ya mtu. Asili ya neno ni historia yake, na historia hiyo inafaa kujulikana, lakini haimlazimishi msemaji wa leo. Vivyo hivyo, ni kweli kwamba ekklesia limeundwa kwa ek na shina la kaleo, na yawezekana hapo zamani wananchi waliitwa na mpiga mbiu watoke majumbani mwao. Hata hapo, walitoka nyumbani ili wakutane. Hakuna aliyeitwa atoke kwa wenzake; aliitwa aende kwa wenzake.

Athene inaonyesha jambo hili kwa uwazi kuliko mahali pengine popote. Mkutano wa wananchi wa mji huo, ekklesia, ulikutana kwenye kilima cha Pnyx, magharibi ya Akropoli. Kwa maelezo ya Katiba ya Waathene, kitabu cha karne ya 4 KK kinachohusishwa na Aristotle, mwaka wa serikali uligawanywa vipindi 10, na kila kipindi kilikuwa na mikutano 4, hivyo mikutano 40 kwa mwaka. Baraza la watu 500 liliandaa ajenda. Mpiga mbiu aliuliza nani anataka kusema, na mwananchi yeyote mwenye haki zake aliweza kusimama. Kura zilipigwa kwa kuinua mikono, na baadhi ya maamuzi, kama kumpa mgeni uraia, yalihitaji wapiga kura wasiopungua 6,000. Ili watu waache shughuli zao, baada ya mwaka 403 KK ilianzishwa posho ya kuhudhuria: kwanza sarafu ya oboli moja, baadaye tatu, na kufikia wakati wa Aristotle ikawa zaidi ya hapo. Mwandishi wa tamthilia Aristophanes, katika mchezo wa mwaka 425 KK, anawataja watu wanaopiga soga sokoni huku wakiikwepa kamba iliyopakwa rangi nyekundu. Kamba hiyo ilivutwa kuwasukuma wazembe kuelekea mkutanoni, na aliyeguswa alibaki na doa kwenye nguo yake. Hiyo ndiyo picha halisi ya ekklesia kwa Mgiriki: watu wanasukumwa waingie, si wanaitwa wajitenge.

Kuna jambo jingine la Athene ambalo halisemwi sana, nalo lina uzito. Ekklesia lilikuwa jina la tukio, si la kundi. Mkutano ulipofungwa, ekklesia ilikwisha. Waliobaki walikuwa wananchi, demos. Ndiyo maana maazimio yaliyochongwa kwenye mawe huanza kwa kutaja kwamba Baraza na demos wameamua. Hayasemi kwamba ekklesia imeamua. Kama neno hili lingekuwa na maana ya "watu walioteuliwa wakatengwa", lingefaa kabisa kuwa jina la kudumu la wananchi wale, ambao kweli walijitenga na wanawake, watumwa na wageni waliokaa mjini. Hawakulitumia hivyo. Mwanahistoria Thucydides, akieleza vita vya mwaka 431 KK, anasema Perikles, kiongozi wa mji, alikataa kuitisha ekklesia wakati wananchi walipokuwa na hasira, akiogopa wasije wakaamua vibaya. Kinachoitishwa au kuahirishwa namna hiyo ni kikao.

Wanaotetea maana ya "walioitwa watoke" husema kwamba Athene si hoja, kwa sababu Mitume hawakuchukua neno kwa Wagiriki bali katika Septuaginta, tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale iliyoanza kufanywa karne ya 3 KK. Ni kweli Septuaginta ina uzito mkubwa zaidi hapa. Lakini huko ndiko hoja yao inakoanguka vibaya zaidi. Ekklesia katika Septuaginta husimama mahali pa neno la Kiebrania qahal, lenye maana ya mkusanyiko wa watu, wawe wema au waovu. Zaburi ya 26, ambayo katika hesabu ya Kigiriki ni ya 25, ina mtu anayesema kwamba amechukia ekklesia ya watenda mabaya. Kitabu cha kwanza cha Samweli kinataja ekklesia ya manabii. Nehemia sura ya 8 inaeleza ekklesia ya wanaume na wanawake waliokusanyika kwenye uwanja uliokuwa mbele ya Lango la Maji ili kusikiliza torati ikisomwa. Kumbukumbu la Torati linaitaja siku ya ekklesia, yaani siku Israeli walipokusanyika mbele ya Mlima Horebu. Kote humo maana ni ile ile. Anayetaka kuingiza "walioitwa watoke" katika Zaburi hiyo atalazimika kusema kwamba watenda mabaya nao waliitwa watoke, na hakuna mhubiri atakayekubali.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote uko katika kitabu cha Kutoka. Ikiwa kuna watu katika Maandiko walioitwa watoke kwa maana kamili, ni Waisraeli waliotolewa Misri. Kwa hiyo mtu angetarajia neno ekklesia lijae kitabuni humo. Halimo hata mara moja. Kuanzia Mwanzo hadi Hesabu, watafsiri wa Septuaginta waliposoma qahal kwa kawaida waliandika synagoge, neno jingine lenye maana ya mkusanyiko, na ekklesia linatokea kwa mara ya kwanza katika Kumbukumbu la Torati sura ya 4, pale Mungu anapomwagiza Musa awakusanye watu wasikie maneno yake. Watafsiri hao, Wayahudi wa Aleksandria waliojua Kigiriki kwa ufasaha, hawakusikia ndani ya ekklesia habari yoyote ya kutoka. Kitenzi ekkaleo, "kuita mtu atoke", walikijua na walikitumia pale kilipohitajika: katika Mwanzo 19, watu wa Sodoma wanapomwita Lutu atoke nje ya nyumba yake. Katika Agano Jipya kitenzi hicho hakimo kabisa.

Katika Agano Jipya ekklesia linatokea mara 114. Mara tatu kati ya hizo haliwahusu Wakristo wala Wayahudi. Matendo ya Mitume sura ya 19 inasimulia ghasia za Efeso. Demetrio, fundi wa fedha aliyetengeneza vihekalu vya Artemi, aliwachochea mafundi wenzake dhidi ya Paulo kwa kuwa biashara yao ilikuwa hatarini. Mji ukajaa fujo, watu wakakimbilia ukumbi wa michezo, jengo la mawe la wazi ambalo magofu yake yangali yamesimama na ambalo kwa makadirio ya kawaida lilibeba watu zaidi ya 20,000. Wengine walipiga kelele hivi na wengine vile, na walio wengi hawakujua hata wamekusanyikia nini. Luka anauita umati huo ekklesia. Karani wa mji anapowatuliza, anawaambia kwamba kama kuna madai mengine, yatamalizwa katika ekklesia ya halali. Kisha Luka anaandika kwamba karani, baada ya kusema hayo, aliivunja ekklesia. Hao ni waabudu wa Artemi waliolia jina la mungu wao kwa muda wa kama saa mbili. Kuwaita "walioitwa watoke katika dunia" ni kuifanya habari nzima isieleweke.

Matumizi ya Luka yalikuwa ya kawaida mjini humo. Katika ukumbi huo huo yamepatikana maandishi marefu ya mwaka 104 BK yanayohusu Gaius Vibius Salutaris, tajiri wa Efeso aliyeutolea mji sanamu za thamani, za Artemi zikiwamo, ili zipelekwe ukumbini na kuwekwa hapo kila ekklesia inapokutana. Neno ni lile lile, mahali ni pale pale, na yamepita miaka isiyozidi 50 tangu ghasia za Demetrio.

Hoja zinazobaki upande wa pili hutegemea aya ambazo neno ekklesia halimo. Hutajwa Waraka wa kwanza wa Petro sura ya 2, unaosema juu ya Mungu aliyewaita watu kutoka gizani. Fundisho hilo ni la kweli kwa Mkristo, wala halipingwi hapa. Ila neno ekklesia halipatikani popote katika nyaraka zote mbili za Petro. Hutajwa pia agizo la kutoka kati yao na kujitenga katika Wakorintho wa pili sura ya 6. Nalo halina ekklesia, na kitenzi chake si cha kuita. Paulo mwenyewe, alipotaka kusema kwamba waumini wa Korintho wameitwa, hakuliachia neno ekklesia kazi hiyo. Katika salamu za waraka wa kwanza anaandika ekklesia ya Mungu, kisha anaongeza neno mahususi, kletoi, "walioitwa". Wito ni fundisho lenye maneno yake. Kulipachika ndani ya neno jingine hakulipi nguvu. Kunalinyima neno hilo jingine maana yake.

Wataalamu wamelisema hili kwa muda mrefu. F. J. A. Hort wa Cambridge, katika kitabu chake juu ya ekklesia kilichochapishwa mwaka 1897, alieleza wazi kwamba dhana ya watu walioitwa watoke katika dunia haina msingi katika matumizi ya neno. James Barr, mwaka 1961, alionyesha jinsi makala za kamusi kubwa za kiteolojia, ile ya ekklesia ikiwamo, zilivyochanganya asili ya maneno na maana zake, na kurundika ndani ya neno moja mafundisho yaliyotoka katika sentensi nyingi tofauti. Hata Kirilo wa Yerusalemu, aliyegusia asili ya neno katika katekesi zake za karne ya 4, aliieleza kwa namna ya kinyume na inavyoelezwa leo: kanisa linaitwa hivyo kwa sababu linawaita wote na kuwakusanya pamoja. Uzito wake uliangukia kukusanyika.

Siku hizi imezuka tafsiri nyingine, inayojiona imesahihisha ile ya kwanza kwa kurudi Athene. Husema kwamba ekklesia lilikuwa bunge lenye mamlaka, kwa hiyo kanisa ni chombo cha kutawala, kinachotoa amri juu ya miji na mataifa. Tafsiri hii inatenda kosa lile lile kwa mlango mwingine: inauchukua mkutano mmoja wa mji mmoja pamoja na taratibu zake zote, na kuupakia ndani ya neno popote linapoonekana. Waliokusanyika mbele ya Lango la Maji hawakutunga sheria. Walisikiliza, wakalia, wakaenda kula na kunywa na kuwapelekea sehemu wasiokuwa na kitu. Kati yao walikuwamo wanawake, ambao Athene isingewaruhusu kukanyaga Pnyx. Na ekklesia iliyokuwa nyumbani kwa Filemoni haikuwa na mji wa kutawala.

Wakristo walifanya jambo moja jipya na neno hili, nalo linastahili kuelezwa kwa uangalifu. Mwanzoni, katika nyaraka za Paulo, ekklesia bado mara nyingi ni kikao. Katika Wakorintho wa kwanza sura ya 11 na ya 14 anazungumzia yanayotokea watu wanapokutana katika ekklesia: nani anasema, nani ananyamaza, nani anakula huku mwenzake ana njaa. Hapo hapo limeanza kuwa jina la watu wenyewe, hata wakiwa wametawanyika. Sauli aliiharibu ekklesia kwa kuingia nyumba hadi nyumba, anasema Luka. Hakuna kikao kilichokuwa kikiendelea katika nyumba zote hizo. Katika Matendo 9:31, kwa maandishi ya kale yaliyo bora, ekklesia iko katika Uyahudi wote na Galilaya na Samaria, nayo ni moja. Katika Waefeso na Wakolosai ni mwili wa Kristo, usio na mahali pamoja pa kukutania duniani. Athene neno lilikwisha kikao kilipofungwa. Kwa Wakristo liliendelea kuwataja watu baada ya kurudi makwao. Hapa ndipo palipo na utajiri, na panaeleweka tu ikiwa msomaji anajua kwamba chini yake kuna mkutano wa kweli, wa watu wanaoonana uso kwa uso. Maana ya "walioitwa watoke" hulifuta badiliko hili lote, kwa sababu mtu aliyetengwa anaweza kuwa peke yake.

Watafsiri walihangaika na neno hili tangu mapema. Warumi walilichukua jinsi lilivyo. Plinius Mdogo, gavana wa kipagani, anaandika ecclesia kwa Kaisari Traiano akiwa na maana ya mkutano wa wananchi wa mji. Kutoka Kilatini likaingia Kifaransa, Kihispania na Kireno. Lugha za kaskazini zilipata neno tofauti, kutoka Kigiriki kyriakon, "cha Bwana", ambalo lilizaa neno la Kiingereza na la Kijerumani la kanisa, nalo lilikuwa na sura ya jengo. Luther alilikwepa akaandika neno la Kijerumani lenye maana ya jumuiya. William Tyndale alifanya vivyo hivyo kwa Kiingereza mwaka 1526, akachagua neno la "kusanyiko". Thomas More, mtetezi wa Kanisa Katoliki, alimshambulia vikali mwaka 1529, kwa kuwa aliona kinachong'olewa ni mamlaka ya Kanisa lenyewe. Tyndale alinyongwa na mwili wake ukachomwa moto karibu na Brussels mwaka 1536. Waliotayarisha Biblia ya Mfalme James, iliyotoka 1611, walipewa kanuni iliyowakataza wazi kutumia "kusanyiko" mahali pa neno la zamani. Neno moja lilibeba swali la nani mwenye kanisa.

Kiswahili kilipokea kanisa kutoka Kiarabu, na Kiarabu kutoka Kiaramu, ambako shina lake ni kukusanya, shina lile lile lililo katika jina la bunge la Israeli, Knesset. Hii ni bahati njema, ingawa kwa kanuni iliyowekwa hapo juu haithibitishi chochote: msemaji wa leo asikiapo "kanisa" huona jengo, au dhehebu. Ndiyo sababu lugha imejitafutia maneno ya kuziba pengo. Walutheri husema usharika, Mashahidi wa Yehova kutaniko, na Wakatoliki wa Afrika Mashariki, tangu miaka ya 1970, wamejenga maisha ya parokia juu ya jumuiya ndogo ndogo zinazokutana nyumba kwa nyumba. Anayehudhuria jumuiya jioni katika sebule ya jirani, akiketi kwenye mkeka kati ya watoto na wazee, yuko karibu na ekklesia ya Korintho kuliko anayefundishwa kuvunja neno vipande.

Tafsiri za Biblia zenyewe zinaweza kusaidia zaidi. Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyokamilika mwaka 1952, inaandika kanisa karibu kote, ila katika ghasia za Efeso inaandika mkutano na kusanyiko. Uamuzi huo ni wa haki, kwani hakuna awezaye kuuita umati wa Artemi kanisa. Ila msomaji haambiwi kwamba neno ni lile lile, na hivyo aya tatu ambazo zingemwondolea dhana potofu zinampita. Maelezo mafupi chini ya ukurasa yangetosha. Katika Wakorintho wa kwanza 11 na 14 pia, "kanisani" humpeleka msomaji kwenye jengo ambalo Korintho haikuwa nalo. "Mnapokusanyika" ingemrudisha nyumbani kwa mtu, mezani. Katika Waefeso na Wakolosai neno kanisa libaki, kwa kuwa hapo kusanyiko lingepunguza kilichokusudiwa.

Aya moja ya Mathayo ndiyo inayoumizwa zaidi na mazoea ya sasa. Katika sura ya 18, ndugu aliyekosa na kukataa kumsikia mwenzake, na kukataa mashahidi, habari zake zipelekwe kwa ekklesia. Wengi husoma hapo ofisi ya mchungaji, kikao cha wazee au makao makuu ya dhehebu. Aya chache mbele, Yesu anataja wawili au watatu waliokusanyika kwa jina lake, na kitenzi alichotumia ni kile kilichozaa synagoge. Ekklesia ya aya ya 17 inafafanuliwa na kukusanyika kwa aya ya 20: ni waumini wa mahali pale, waliokaa pamoja, wanaomjua aliyekosa na aliyekosewa, na wanaoweza kumsikia kila mmoja akisema.